Neuroma ya Morton: namna ya kuchagua upasuaji na kujiandaa nao

Neuroma ya Morton ni ugonjwa wa neva ndogo ya mguu inayopita kati ya vichwa vya mifupa mirefu ya wayo kuelekea vidoleni, na mara nyingi hushika neva iliyo kati ya kidole cha tatu na cha nne ukianza kuhesabu kwenye kidole gumba. Neva hiyo hupita chini ya kano ngumu inayoifunga mifupa hiyo pamoja, kwa hiyo kila kisigino kinaponyanyuka na vidole kukunjika, huvutwa na kusuguliwa kwenye ukingo wa kano. Baada ya miaka ya msuguano ganda la nje la neva hunenepa na kukakamaa, na mgonjwa huanza kuhisi kuwaka moto, kuchomwachomwa na kufa ganzi vidoleni, au kuhisi kwamba amekanyaga kokoto ndani ya kiatu, ilhali akivua kiatu haoni kitu na maumivu hupungua anapousugua mguu. Si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati, na viatu vilivyochongoka mbele pamoja na vile vya mchuchumio huuzidisha.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshajaribu kiatu kipana, pedi na sindano bila kupona, na sasa anatakiwa kuamua kuhusu kisu. Operesheni zipo kadhaa, na jambo la kuangalia kabla ya jingine lolote ni kile ambacho kila moja inakuachia. Moja hukuondolea maumivu kwa gharama ya ganzi ya kudumu, nyingine hukubakishia hisia lakini huenda isitoshe endapo neva imeshaharibika sana, na nyingine hukulazimu kukaa majuma kadhaa bila kukanyaga. Mgonjwa anayeijua bei ya kila njia huzungumza na daktari vizuri zaidi kuliko yule anayeuliza tu ipi ni bora.

Hakikisha kwanza kwamba ni neva

Operesheni nyingi zinazoshindwa huwa zimeshindwa kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji, kwa sababu kilichokuwa kinauma hakikuwa neuroma. Ufa mdogo wa mfupa wa wayo, uvimbe wa kiungo cha kidole, kuchanika kwa tishu iliyo chini ya kiungo hicho, na neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mguu vyote huweza kuleta maumivu katika eneo lilelile. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna mawili ya kuongeza. La kwanza ni kisukari, ambacho huharibu neva za miguu yote miwili kuanzia vidoleni, na maumivu yake ya kuwaka moto huzidi usiku mtu akiwa amelala bila kiatu chochote. La pili ni ukoma, ambao bado upo katika nchi zetu na huanza kwa ganzi na mabaka ya ngozi. Kukata neva moja kati ya vidole hakutamsaidia mgonjwa wa kisukari wala wa ukoma.

Daktari anayeujua ugonjwa huu huanza kwa mikono. Kwa mkono mmoja huubana mguu pande zote mbili, akivisogeza vichwa vya mifupa vikaribiane, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine husukuma kutoka chini ya unyayo, katikati ya mifupa miwili. Ikiwa neuroma ipo, mara nyingi huchomoka ghafla na kutoa mlio mdogo unaosikika au kuhisiwa kidoleni, na mgonjwa huruka kwa maumivu aliyoyazoea. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Mulder, daktari aliyekieleza mwaka 1951. Eksirei haionyeshi neva, lakini hufaa kwa kuondoa mashaka ya mfupa. Ultrasaundi na MRI huonyesha uvimbe wenyewe, ila majibu yake yasisomwe peke yake, kwa kuwa watu wasio na maumivu yoyote nao huweza kuonekana na neva iliyonenepa. Pakibaki shaka, daktari anaweza kuchoma ganzi kidogo mahali penyewe na kukutembeza: maumivu yakitoweka kwa saa ile, ushahidi unaongezeka kwamba tatizo liko hapo.

Hakikisha pia kwamba njia zisizo za kisu zimetumika ipasavyo kwa miezi kadhaa. Pedi ya unyayo, kwa mfano, wengi huiweka chini ya mahali panapouma, na hivyo huongeza mbano badala ya kuupunguza. Mahali pake ni nyuma kidogo ya vichwa vya mifupa, ili mifupa iinuliwe na kutanuka. Sindano ya steroidi husaidia baadhi ya watu, lakini haipaswi kurudiwa mara nyingi, kwa sababu hupunguza mafuta yanayoukinga unyayo, hulegeza tishu za kiungo, na kwa ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe linalochukua miezi mingi kurudi rangi yake.

Kuikata neva kupitia juu ya mguu

Hii ndiyo operesheni inayofanywa zaidi duniani. Thomas Morton wa Philadelphia, ambaye jina lake limebaki kwenye ugonjwa huu, aliueleza mwaka 1876 akidhani tatizo ni kiungo cha kidole cha nne, na alipendekeza kiungo chenyewe kiondolewe. Mwaka 1893 daktari mwingine wa Marekani, Hoadley, aliifungua sehemu hiyo, akaukuta uvimbe kwenye neva na kuutoa. Wagonjwa wa leo wana kila sababu ya kushukuru kwamba njia ya Hoadley ndiyo iliyoshinda.

Kwa kawaida nusu kaputi haihitajiki. Daktari huchoma ganzi kuzunguka kifundo cha mguu, wayo mzima ukafa ganzi, na wewe ukabaki macho au ukapewa dawa kidogo ya kukutuliza. Mkanda wa kuzuia damu hufungwa juu ya kifundo ili sehemu ya kazi ionekane vizuri. Mkato wa sentimita 3 au 4 hupasuliwa upande wa juu wa mguu, kuanzia kwenye panda ya vidole viwili kurudi nyuma. Mifupa hutanuliwa kwa kifaa maalumu, kano inayoibana neva hukatwa, kisha daktari husukuma kwa kidole kutoka chini ya unyayo na neva hujitokeza: weupe wenye umanjano kidogo, nene mahali pamoja, ikigawanyika mbele kuwa matawi mawili yanayokwenda kila moja kwenye kidole chake.

Kinachofuata ndicho kinachoamua matokeo. Matawi hukatwa mbele ya mgawanyiko, halafu neva huvutwa taratibu na kukatwa nyuma, sentimita kadhaa kutoka kwenye ukingo wa kano, ili kishina kinachobaki kirudi ndani katikati ya misuli, mbali na sehemu inayobeba uzito wa mwili. Neva iliyokatwa hujaribu kuota tena, na kishina chake hutengeneza fundo. Fundo hilo likiwa ndani ya misuli halisumbui, likiwa chini ya vichwa vya mifupa utalikanyaga kila hatua. Ndiyo maana daktari aliyekata fupi mno anaweza kukuachia maumivu mabaya kuliko yale uliyokuja nayo. Kipande kilichotolewa hupelekwa maabara kuthibitisha kwamba kweli kilikuwa neva na si mshipa wa damu au tishu nyingine.

Operesheni huchukua takriban nusu saa na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, akikanyaga kwa kisigino ndani ya kiatu chenye soli ngumu. Kwa ujumla, wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi huridhika. Ganzi kati ya vidole viwili ni ya kudumu, ingawa eneo lake hupungua kidogo kadiri miezi inavyopita. Wengi huizoea na kuisahau. Lakini anayetembea peku shambani au ufukweni ajue kwamba mwiba au kipande cha chupa kinaweza kumwingia katika panda ya vidole asihisi.

Kuikata kupitia unyayoni

Neva iko karibu zaidi na unyayo kuliko na upande wa juu, kwa hiyo mkato wa chini humfikisha daktari moja kwa moja, humwonyesha neva yote kwa urefu, na haumlazimu kukata kano. Kasoro yake ni kovu. Likikaa juu ya kichwa cha mfupa badala ya kukaa katikati ya mifupa miwili, au likikakamaa, mgonjwa atakuwa ameondoa kokoto moja na kuwekewa nyingine. Isitoshe, unyayo hauruhusiwi kubeba uzito kwa majuma mawili au matatu, na hayo ni majuma ya magongo. Kwa mtu anayepanda daladala kila siku au kuishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti, hili linatosha kubadilisha uamuzi.

Kwa operesheni ya kwanza, mimi ningeelekea njia ya juu isipokuwa daktari awe na sababu mahususi. Njia ya chini inang'ara kwenye marudio, pale kishina cha neva kinapotakiwa kutafutwa nyuma zaidi, nje ya kovu la zamani.

Kuifungulia neva bila kuikata

Mwaka 1979 daktari Mfaransa, Gauthier, alitoa hoja kwamba kama tatizo ni neva kubanwa na kano, basi kano ikatwe na neva iachwe. Mkato huwa uleule wa juu, au tundu dogo linalopitishwa kamera na kisu chembamba. Kano ikikatwa, mifupa hutanuka kidogo na neva hupata nafasi. Daktari anaweza pia kuisafisha tishu iliyoishikilia. Faida yake ni dhahiri: hisia za vidole hubaki, na kwa kuwa hakuna neva iliyokatwa hakuna kishina cha kuota fundo. Ikishindikana, mlango wa kuikata baadaye bado uko wazi.

Njia hii inamfaa zaidi mgonjwa ambaye ugonjwa wake si wa miaka mingi na uvimbe wake ni mdogo. Neva iliyokwisha kuwa ngumu haiwezi kulainika kwa sababu tu imepewa nafasi, na baadhi ya madaktari huamua humo humo chumbani, baada ya kuiona neva, kama waiache au waiondoe. Ikiwa daktari wako hufanya hivyo, akueleze kabla, na karatasi ya ridhaa unayotia saini itaje operesheni zote mbili.

Njia nyingine kwa ufupi

Wapo wanaoikata neva kisha wakakizika kishina ndani ya msuli kwa uzi, badala ya kukiacha kijirudie chenyewe, na hili hupendelewa hasa katika marudio. Wapo wanaofupisha au kuinua mfupa wa wayo, jambo lenye mantiki pale ambapo mfupa mrefu kupita kiasi ndio chanzo cha mbano, ingawa mfupa uliokatwa huchukua muda mrefu zaidi kupona kuliko nyama. Na zipo taratibu za sindano zinazokaribia upasuaji bila kuufikia: kuigandisha neva kwa baridi kali, kuichoma kwa joto la mawimbi ya redio, au kuiua kwa alkoholi chini ya ultrasaundi. Hazipatikani kila mahali.

Ukiambiwa una neuroma mbili zilizo jirani katika mguu mmoja, uliza mara mbili. Hali hiyo ni nadra kuliko inavyotajwa, na kukata zote mbili kwa pamoja hukiacha kidole cha katikati bila hisia pande zote na huhatarisha mishipa yake ya damu, ambayo hupita sambamba na neva.

Maswali ya kumpelekea daktari

Tafuta daktari bingwa wa mifupa, ikiwezekana anayeshughulika na miguu mara kwa mara. Hospitali zenye idara kubwa za mifupa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Kijabe nchini Kenya, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kumbuka kwamba mabingwa wetu wengi wamezidiwa na mifupa iliyovunjika kwenye ajali za bodaboda, na ni haki yako kumuuliza kwa adabu: “Daktari, operesheni hii ya neva umekuwa ukiifanya mara ngapi, na kwa kawaida unaingilia juu au chini?” Daktari mzuri hatachukia. Muulize pia ataikata neva umbali gani nyuma ya kano, kipande kitapelekwa maabara au la, na atafanya nini akifungua na kukuta neva haina kasoro. Swali hili la mwisho huonyesha haraka kama amelifikiria tatizo lako au ameiandika tu operesheni.

Wewe nawe umweleze yote. Taja kisukari, shinikizo la damu, sigara, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio wa dawa, na kama ngozi yako huota kovu bonge. Mwenye kisukari atatakiwa kushusha sukari yake hadi kiwango kinachokubalika kabla ya siku kupangwa, na daktari atapapasa mapigo ya damu mguuni, kwani mguu usiopata damu ya kutosha haufungi kidonda. Bima ithibitishwe kwa maandishi mapema, pamoja na gharama za maabara na kiatu cha soli ngumu, ambazo mara nyingi husahaulika.

Maandalizi na siku yenyewe

Majuma mawili kabla, chunguza mguu kila siku. Fangasi kati ya vidole, ufa wa kisigino au jeraha la kukata kucha vinaweza kuleta maambukizi, na vinatosha kuahirisha operesheni. Usipake hina wala piko kwenye mguu huo, na futa rangi ya kucha, ili madaktari waione ngozi na kucha kama zilivyo.

Nyumbani, fikiria choo. Choo cha kuchuchumaa huupeleka uzito wote mbele ya wayo, sehemu ileile iliyoshonwa, kwa hiyo tafuta kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati au panga kukaa kwa ndugu mwenye choo cha kukalia. Andaa pia mtu wa kukurudisha nyumbani kwa gari. Bodaboda siku hiyo haifai.

Majuma yanayofuata

Siku mbili au tatu za kwanza ni za kulala na kuuweka mguu juu ya mito, juu kuliko kifua, ukiinuka kwa ajili ya choo na chakula tu. Uvimbe usipodhibitiwa hapa, kidonda huchelewa. Dawa za maumivu zimezwe kwa saa zilizoandikwa, kuanzia kabla ganzi haijaisha. Mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo asitumie ibuprofeni bila kumwambia daktari.

Bendeji isilowe. Kwa kuoga, funga mguu kwa mfuko wa nailoni na uutoe nje ya beseni. Muislamu anaweza kupangusa juu ya bendeji wakati wa udhu na kuswali akiwa amekaa kwenye kiti, kwa kuwa kusujudu na kukaa tahiyatu huku vidole vimekunjwa huuvuta mshono. Mwenye shaka amuulize shehe wake mapema. Usimwagie kidonda unga wa kapsuli za rangi mbili, usikikande kwa maji ya moto, na usimruhusu mtu akuchue.

Nyuzi za mkato wa juu hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, za unyayoni huweza kusubiri hadi wiki ya tatu. Baada ya hapo anza kiatu kipana chenye kamba, na usikimbilie kandambili, kwa sababu kile kipande kinachopita kati ya vidole husugua kovu changa na pia hulazimisha vidole kujikaza. Kazi ya kukaa inawezekana ndani ya majuma mawili hivi. Kazi ya kusimama kutwa, kubeba mizigo au kukimbia inahitaji majuma sita na zaidi. Mguu kuvimba jioni kwa miezi mitatu au hata zaidi ni jambo la kawaida, na kuchomachoma kwa mara moja moja pia.

Yasiyo ya kawaida ni homa, usaha, wekundu unaopanda, harufu mbaya, kidole kubadilika rangi na kuwa baridi, au shavu la mguu kuuma na kuvimba upande mmoja, kwani hiyo ya mwisho inaweza kuwa damu iliyoganda. Kwa lolote kati ya hayo nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukishikwa na pumzi fupi au maumivu ya kifua, nenda saa hiyohiyo.

Maumivu yaleyale yakirudi baada ya miezi kadhaa, sababu zinazofikiriwa ni kishina cha neva kuota fundo, neva kutokatwa nyuma vya kutosha, au utambuzi wa mwanzo kuwa na kosa. Marudio yanawezekana, lakini matokeo yake kwa wastani ni hafifu kuliko ya mara ya kwanza, na daktari wa pili atataka kujua neva ilikatwa wapi, kano ilikatwa au la, na maabara iliona nini. Kwa hiyo siku ya kutolewa nyuzi, kabla hujaaga, omba nakala ya ripoti ya upasuaji na ya maabara, uzipige picha kwa simu, na uzihifadhi pamoja na kadi yako ya hospitali.